Utani Uliopitiliza

Kambini, Natta
8 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuulizia afya kwanza, halafu mguu, maana mguu wako una habari zake peke yake: umeacha kuuma au bado unatabiri mvua? Mimi mzima, ila kiuno. Vitanda vya mahema ya huku vina miguu mifupi, na ukitandika vya mahema sita kabla ya wageni kurudi kutoka mbugani, unatembea kama mtu anayetafuta sindano.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu unaijua simu yako. Tangu spika ya sikioni ife inatoa sauti ya nje tu, na nikikusalimia wewe ananiitikia jirani. Huku nako mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya tangi la maji. Tunapanga foleni; mmoja anaongea, foleni inasikiliza. Kwa hiyo Nestory, dereva wa kenta inayoleta kabichi kutoka Tarime, amekubali kuwa posta yetu. Bahasha nimeibandika kwa uji. Ukikuta imefunguka, ujue ni yeye.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Desemba, na anayependekeza nani aongezwe ni meneja. Nataka kuongezwa, sikufichi. Kazi hii naiweza na naipenda.

Tatizo ni huyo meneja. Anaitwa Kornelio, mtu wa kwetu, wa Kemambo, umri wake unamkaribia baba. Ananiita "mke wangu". Mbele ya watu ananiita hivyo, na tukibaki wawili ananiita hivyo hivyo kwa sauti nyingine. Juzi alikuja kukagua hema nikiwa ndani, akasema sare yangu haijakaa sawa kiunoni, akaiweka sawa yeye mwenyewe. Mkono ulichelewa kutoka. Nilicheka, shangazi. Sijui kwa nini. Kicheko kilitoka kabla sijakiita.

Wenzangu wanasema ndizo zake, amezoea. Wewe ulikaa baraza la kata miaka ile, umesikia mengi. Nifanye nini? Na usimwambie Ryoba. Kaka yangu akisikia neno kiuno atakuja huku na panga, na hapo hakuna meneja, hakuna mkataba, na yeye mwenyewe hayupo.

Mwanao,
Generoza


Nyarero
15 Septemba 2024

Generoza mwanangu,

Marahaba. Mguu unauma na mvua haijanyesha, kwa hiyo nao umejifunza uongo. Nyumbani wote ni wazima, yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Bahasha ilifika imebandikwa vizuri, lakini Nestory aliniambia "pole na mambo ya Natta", sasa sijui uji wako ni mwepesi au ni macho yake yanaona mbali.

Habari zako nimezifikiria. Kornelio wa Kemambo nimeulizia ni mtoto wa nani, nimeambiwa. Basi tulia. Huyo ni wa ukoo wa mama yangu mzazi, mlango mmoja kabisa. Kwangu mimi ni mjomba, hata kama yeye alikuwa anachunga mbuzi bila suruali wakati mimi nimeshaolewa. Na akiwa mjomba kwangu, kwako ni babu.

Sasa babu kumwita mjukuu mke wake ni habari? Babu yako mzaa baba alikuwa anakuita hivyo hadi unalia, anakwambia umemnyima ugali na atarudi kwa mke mkubwa. Huo ni utani wa desturi, una haki zake. Dawa yake ni kumjibu. Mwambie hana meno. Mwambie huyu ni mume gani anahema akipanda kichuguu. Mjibu mbele ya watu, wacheke. Utaona atakavyofurahi, na ule mkono atautia mfukoni.

Nimempa Nestory jogoo ampelekee mjomba pamoja na salamu zangu. Mtu wa kwetu kuwa bosi ni bahati, tusiitupe.

Ryoba aliniona nasoma, akauliza barua inasemaje. Nimemwambia unaumwa jino.

Shangazi yako,
Veneranda


Kambini, Natta
6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo, na hongera ya ndama. Mimi afya nzuri, mikono tu imeanza kuchubuka, na chini huko utaona kwa nini.

Jogoo alifika salama, akiwa amechoka kwa barabara kuliko kabichi. Kornelio alimpokea mbele ya wafanyakazi wote, akamwinua juu. "Mmeona? Wakwe wamenitumia!" Nikajiuliza wakwe wametoka wapi kwenye hesabu yako, lakini nikasema huo nao ni utani.

Kisha nikafanya ulivyoniambia. Ilikuwa chakula cha mchana, tuko wote kwenye meza za wafanyakazi. Akapita nyuma yangu.

"Mke wangu, jana umelala wapi? Hema langu lilikuwa la baridi."

"Baridi hiyo ni ya uzee, babu," nikamwambia. "Huko mdomoni meno yamebaki mawili, na yenyewe hayasalimiani."

Watu walicheka, shangazi. Zablon mpishi alicheka hadi akaweka sufuria chini. Kornelio hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeumwa na kitu ambacho hakujua kina meno, akaondoka.

Kesho yake nikapewa barua ya onyo. Kosa: "Kumdhihaki kiongozi mbele ya wafanyakazi." Saini yake. Na nimeondolewa kwenye mahema, niko kwenye kufua. Bado ananiita mke wangu. Sasa anakuja kuniitia kule kule kwenye mashine, ambako kelele ni nyingi na watu hawapo.

Labda kuna kitu hatukukihesabu.

Mwanao,
Generoza


Nyarero
13 Oktoba 2024

Generoza mwanangu,

Natumaini mikono imepona. Huku sote tupo, mvua imeanza, mguu umeshinda.

Nadhani ulimtania kwa ukali. Meno ya mtu mzima ni jambo zito, ungeanza na upara. Mwombe radhi, sema ulivuka. Mtu wa ukoo hakai na kinyongo. Desemba si mbali, vumilia utie saini, mengine yatafuata.

Shangazi yako,
Veneranda


Kambini, Natta
12 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kimya changu usikichukulie dharau. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na nimekosa, kwa hiyo naanzia katikati.

Radhi niliomba. Akasema amenisamehe, na kwamba mapendekezo ya mikataba anayaandika mwezi huu. "Karatasi yako iko hemani kwangu," akasema, "na kalamu iko huko huko. Ukimaliza kazi njoo, peke yako, unifurahishe, nami nikuandikie vizuri. Usipokuja, Januari wapo wengine." Hakuniita mke wangu siku hiyo. Alisema kwa sauti ile ile anayoagizia sabuni.

Sikwenda. Siku yangu ya mapumziko nilipanda kenta ya Nestory hadi Mugumu. Kuna mama pale anaitwa Agness, msaidizi wa kisheria. Ofisi yake imebanana na duka la magodoro, ukiingia vibaya unauziwa futi tano kwa sita. Nikamsimulia yote.

"Alikutaka?" akauliza.

"Anasema ni utani."

"Sikuuliza anasema nini."

Nikamweleza habari ya babu na mjukuu, akanisikiliza hadi mwisho, maana naye ni wa huku, Mnata, anazijua. Kisha akasema sheria haimwulizi mtu kama alikusudia kuchekesha. Inauliza mambo mawili: maneno hayo na mkono huo, wewe uliyataka? Na huyo anayeyafanya ana mamlaka juu yako? Nikamwambia tatizo langu ni kwamba siku ya kwanza nilicheka. Akasema, "Ukicheka kwa kuogopa, umeogopa tu. Wala hakuna mahali palipoandikwa lazima ukatae mara tatu."

Shangazi, mimi nilidhani mambo haya ni ya polisi peke yake, na polisi ni mpaka uwe umeumizwa. Kumbe sheria ya ajira yenyewe inasema kumnyanyasa mfanyakazi ni aina ya ubaguzi, na mwajiri anatakiwa azuie. Kwa hiyo natakiwa nimwambie mwajiri. Akinyamaza au akifunika, napeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iko Musoma, lakini nisizidishe siku sitini. Polisi nao wapo, kwa sababu kumsumbua mtu kingono, hata kwa maneno, ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Halafu akasema kuhusu ile kalamu ya hemani niende TAKUKURU, hiyo ni rushwa ya ngono.

"Rushwa si ya pesa?" nikamwuliza.

"Kwani yeye amekuomba pesa?"

Nimeandika malalamiko kwa mama mwenye kambi, yuko Arusha. Hajanyamaza. Anamtuma afisa rasilimali watu wake, Faridu, aje kusikiliza tarehe 28. Na Kornelio ameshajibu kwa maandishi. Nimeonyeshwa. Anasema mimi ni mjukuu wake, kwamba huo ni utani wa ukoo ambao watu wa Arusha hawawezi kuuelewa, na kama hawaamini wamwite shangazi yangu wa Nyarero, ambaye mwenyewe alimtambua na kumtumia jogoo.

Shangazi, wewe ni shahidi wa Kornelio.

Mwanao,
Generoza


Nyarero
17 Novemba 2024

Generoza mwanangu,

Afya zetu ni nzuri, tuziache hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimekaa chini. Ukoo niliuhesabu sawasawa, hakuna mzee wa huku atakayenikosoa. Nilichosahau ni kwamba babu yako hakuwa anakusainia mkataba. Ukichoka na utani wake ulikuwa unakimbilia kwa bibi. Huko kambini bibi ni nani? Nimekupeleka kwa mtu nikiwa nimekushika mkono, na jogoo juu.

Nitakuja tarehe 28. Nestory atanibeba mbele, kabichi zikae nyuma. Lakini nikwambie mapema ili usije ukanishangaa: sitasema huyo si babu yako, kwa sababu ni babu yako. Na jogoo nilimtuma, siwezi kumkana. Nilikaa baraza la kata miaka minne, nimeona watu wenye haki wakipoteza kesi kwa uongo mdogo waliouongeza kwa wema. Nitajibu ninachoulizwa. Kama nitakuangusha, nitakuangusha kwa ukweli, na utanichukia ukiwa na sababu.

Ryoba anasema jino gani hilo la miezi miwili. Nimemwambia ni la mwisho, lina mizizi.

Shangazi yako,
Veneranda


Nyarero
1 Desemba 2024

Generoza mwanangu,

U hali gani tangu tuachane pale getini? Nilitamani tuongee lakini Nestory alikuwa anapiga honi kama ana mgonjwa. Wewe ulikalishwa nje wakati nikihojiwa, kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea ndani.

Nilipoingia walikuwa watatu: Faridu, kijana mpole wa Tanga mwenye kofia ya kufuma, binti anayeandika, na Kornelio, amevaa tai. Nikamwamkia Kornelio, maana mjomba ni mjomba. "Shikamoo, mjomba." Yeye akaona mvi zangu, akasahau hesabu yake, akaruka: "Aa, shikamoo mama!" Tukabaki tumeamkiana wote wawili na hakuna wa kuitikia. Faridu akatutazama, kisha akaandika kitu.

Akaanza. "Mama, huyu ni ndugu yenu?"

"Ndiyo. Wa upande wa mama yangu."

"Kwa Generoza ni nani?"

"Babu."

"Na kwa desturi yenu babu anaweza kumwita mjukuu mke wake?"

"Anaweza."

"Ulimtumia jogoo?"

"Nilimtuma."

Kornelio akaegemea kiti, akaachia kifungo kimoja cha koti. Mimi moyo ulikuwa chini ya meza. Kila jibu lilikuwa kweli na kila jibu lilikuwa linakufukuza kazi. Faridu akasema ahsante, akafunga kalamu. Kisha akaifungua tena. Nadhani alikuwa anauliza kwa kutaka kujua tu, mtu wa Tanga akiwa ugenini.

"Na mjukuu akimjibu, babu anafanyaje?"

"Anacheka," nikasema.

"Akiambiwa neno baya?"

"Ndiyo utani wenyewe. Akiambiwa baya zaidi anacheka zaidi. Akishindwa kucheka, aliyeshindwa ni yeye, anatafuta kitu cha kumpa mjukuu."

"Hawezi kukasirika?"

"Anaweza. Lakini akikasirika, huo haukuwa utani. Alikuwa anasema kweli."

Wallahi, Generoza, sikujua nimesema nini. Nilikuwa namweleza mgeni mambo ya kwetu. Lakini Faridu alipekua kwenye faili, akatoa ile barua yako ya onyo, akaisukuma mezani hadi mbele ya tai.

"Bwana Kornelio, hii saini ni yako?"

"Ni yangu, lakini hapo alikuwa amenivunjia heshima mbele ya..."

"Ya babu au ya meneja?"

Kornelio alifungua mdomo. Nikayaona meno, yako yote, ulimsingizia. Nikaambiwa nitoke, nikatoka, ndipo honi ikaanza.

Zablon aliingia baada yangu. Alipopita aliniambia, "Mama, mimi nitasema nilicheka na bosi hakucheka, sina zaidi." Nikamwambia hiyo inatosha.

Sijui wataamua nini. Niandikie.

Shangazi yako,
Veneranda


Kambini, Natta
15 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, chakula kinapita, usingizi unakuja na kuondoka.

Uamuzi umetoka. Faridu amerudi na karatasi moja. Wamekubali kwamba lilitokea. Kornelio ataniomba radhi na atahamishiwa kambi nyingine ya mama huyo huyo wa Arusha, ng'ambo ya mto, akawe meneja kule. Mimi naongezwa miaka miwili na narudi kwenye mahema. Natakiwa kutia saini tu kwamba nimeridhika.

Nikaisoma. Kilichotokea wamekiita "utani uliopitiliza baina ya ndugu".

Nilikuwa nimeshika kalamu, shangazi. Miaka miwili ndiyo niliyokuwa naitaka tangu Septemba. Nikaomba siku moja. Nikapanda juu ya kichuguu, nikasubiri foleni yote iishe, nikampigia Agness nikamsomea. Hakusema tia wala usitie. Aliuliza, "Huko anakohamishiwa kuna wanawake wangapi?"

"Sijui."

"Nao hawajui."

Akaeleza kwamba kwa neno hilo faili la Kornelio linakwenda safi. Mtu aliyetania kupita kiasi anahamishwa. Mtu aliyenyanyasa kingono, mwajiri hana pa kumhamishia.

Nimemwambia Faridu abadilishe neno, nitatia saini papo hapo. Aandike unyanyasaji wa kingono. Akasema yeye binafsi haoni tatizo ila mwanasheria wa kampuni hawezi kuliruhusu. Ni maneno matatu tu, nikamwambia. Akasema ndiyo hayo hayo. Bila saini yangu mkataba unaisha tarehe 31 kama ulivyoandikwa.

Habari ya kalamu na hema nimeipeleka TAKUKURU Mugumu, wamechukua maelezo yangu. Hilo linakwenda kwa mwendo wake.

Nishauri.

Mwanao,
Generoza


Nyarero
22 Desemba 2024

Generoza mwanangu,

Tunamshukuru Mungu, wote tupo. Krismasi hii utakula wapi?

Unaomba ushauri. Nilikushauri mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na uhakika kabisa. Safari hii sina uhakika, kwa hiyo huenda nikakufaa kwa kunyamaza.

Lakini nikupe habari. Juzi walikuja wazee wanne wa ukoo wa mama yangu, kutoka Kemambo, kwa miguu. Walipomaliza chai, mkubwa wao akasema, "Veneranda, umemkana mjomba wako mbele ya watu wa Arusha."

"Sijamkana. Nilisema ni mjomba wangu, imeandikwa."

"Basi mwambie mtoto atie saini. Mambo ya ndugu yanamalizwa na ndugu. Amepewa kazi, ameombwa radhi, anataka nini tena?"

"Anataka neno."

"Neno gani?"

Nikawatajia. Wazee wanne wakatazama vikombe. Mmoja akasema hilo ni neno zito kumbandika mtu wa ukoo. Nikasema, ni kweli, na yeye ndiye aliyelibeba akaenda nalo hadi kwenye mashine ya kufulia. Wakaondoka bila kuomba kuongezwa chai. Sasa Kemambo siendi mnadani kwa muda, nitanunua chumvi hapa hapa.

Fanya unachoona. Kitanda chako kipo, na hakina miguu mifupi.

Shangazi yako,
Veneranda


Nyarero
26 Januari 2025

Generoza,

Hujambo huko uliko? Nestory anasema kambini haupo tangu mwaka uanze. Simu yako haipatikani. Barua hii nimemwambia aiulizie Mugumu, aipeleke kila mlango.

Ryoba nimemwambia yote, jino limenishinda. Alichukua panga, akalinoa kutwa nzima, sisi wote tumemtazama. Jioni akaenda kufyeka nyasi za ng'ombe. Amefyeka zetu, amefyeka za jirani, jana amefika uwanja wa shule. Kisha akaniuliza Musoma unashukia kituo gani ukitaka kwenda kwenye hiyo Tume. Nimemwambia asubiri barua yako.

Kwa hiyo andika.

Shangazi yako,
Veneranda


Kambini, Natta
9 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako ilinifikia Mugumu, kwenye mgahawa nilikokuwa naosha vyombo. Simu iliangukia kwenye beseni wiki ya kwanza. Sikuandika kwa sababu kila nikianza ilikuwa inatoka barua ya mtu anayeomba nauli ya kurudi nyumbani, nikaogopa kwamba ukinijibu njoo, nitakuja.

Saini sikutia. Tarehe 31 nilikabidhi sare, na lalamiko lilikuwa limeshafika Tume kabla ya zile siku sitini kuisha. Mwezi wa pili tukaitwa Musoma. Alikuja Faridu, na mwanasheria mwenye mkoba. Ryoba naye alikuwepo, siku aliambiwa na Nestory, amevaa shati la kanisani, amekaa nje kwenye benchi mikono magotini, kwa hiyo ya ndani hakuyaona. Alimwamkia kila aliyepita.

Msuluhishi alikuwa mama wa makamo. Akasoma, akavua miwani.

"Mnabisha kwamba yalitokea?"

"Hapana," mwanasheria akasema.

"Mnabisha nini?"

"Istilahi."

"Ipi?"

"Ile anayoitaka mlalamikaji."

"Itaje, tuijue."

Mwanasheria akaanza kutafuta kwenye mkoba. Faridu ndiye aliyesema. Alisema polepole, kama anaonja dawa: unyanyasaji wa kingono. Dari haikuanguka. Msuluhishi akavaa miwani, akasema kama linatamkika basi linaandikika. Walitoka nje kupiga simu Arusha, wakakaa sana. Waliporudi likaandikwa, nikatia saini.

Kornelio ameachishwa kazi. TAKUKURU bado wana faili, wameniita tena mara moja, mwisho wake siujui. Mimi nimerudishwa kwenye mahema kwa mwaka mmoja, si miwili. Nimekubali.

Usidhani nimerudi kwenye sherehe. Hakuna anayenisema vibaya; hakuna anayenisema kabisa. Nikiingia kwenye chumba cha chakula vicheko vinazimika kama nimekuja na katekista. Meneja mpya ni mwanaume wa Moshi. Akitaka kuniambia taulo zimepungua, anamwambia mlinzi aniambie. Wiki tatu nilikula nikitazama ukuta. Nilianza kudhani hilo neno nimelipata na limekaa kiti cha pembeni yangu, watu hawana pa kukaa.

Jana mchana Zablon alikuwa anapakua. Mstari wote uko nyuma yangu. Akasimamisha mwiko.

"Generoza, naomba ruhusa nikutanie."

Kila mtu ameshika sahani yake. Nikamtazama, mtu mzima na aproni yake, kijasho kinamtoka.

"Tania," nikamwambia.

"Hivi ninyi Wakurya mkizaliwa mnalia kama watoto wengine, au mnaanza kugombana na mkunga?"

"Tunagombana na mkunga. Ninyi Wajita wa ziwani mnamwuliza samaki wako wapi."

Zablon alicheka, shangazi. Alicheka hadi akashika meza, mwiko umeinuliwa juu, mchuzi unamchuruzika kwenye kiwiko. Wa nyuma yangu wakaanza, mmoja, halafu wengine. Kisha akajipangusa, akaniongezea nyama.

Mwanao,
Generoza